Kucha za Kifungo

Mtaa mzima ulimwita Fundi. Hata mkewe, Mungu amrehemu, alimwita hivyo hivyo, "Fundi, chakula," "Fundi, punguza redio," mpaka ungedhani ndilo jina alilopewa siku ya kuzaliwa. Alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa kwenye kibaraza, chini ya dirisha la sebuleni, na alikuwa ameiinamia miaka mingi kiasi kwamba mgongo ulishika umbo hilo. Hata akisimama kwenye foleni ya maji alionekana kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka.

Mbwa aliletwa na mkewe. Mama huyo alikuwa mpishi kwenye nyumba ya watu wenye uwezo, na watu wenyewe walipohama waliondoka na makochi, na mapazia, na balbu za taa, wakamwacha mbwa. Kijibwa cheupe, manyoya yamesokotana, miguu mifupi kama ya kigoda. Jina lake la kule lilikuwa halitamkiki. Fundi alimtazama, akaona macho mawili meusi, ya mviringo, yanayong'aa.

"Huyu ni Kifungo," alisema, na jina likashika.

Kifungo alikuwa mpole kwa kila jambo isipokuwa kukatwa kucha. Ukimgusa masikio, sawa. Ukimwogesha, atakuangalia kwa huzuni lakini atatulia. Ukimshika kidole tu, anageuka nyoka. Mwenye kumweza alikuwa mke wa Fundi peke yake. Akishaosha vyombo mchana, alikaa kwenye kizingiti cha mlango, nyuma ya mgongo wa mumewe, akampakata mbwa, na Fundi akasikia kikata kucha kikilia tik, tik, huku mkewe akinong'ona maneno ambayo hayakumhusu. Fundi hakugeuka kutazama hata siku moja. Ya nini? Alikuwa na kola za watu mkononi.

Kisha mama yule akafariki. Watu walikuja, wakalia, wakala, wakaondoka. Lakini kucha hazikai matanga. Za Kifungo ziliendelea kukua.

Mwana wa Fundi, ambaye hutengeneza majokofu, alihamia pale na mkewe na mtoto wao mchanga ili baba asikae peke yake. Nyumba ikapata sauti tena. Lakini mchana, kila mtu akiwa na shughuli zake, aliyekaa na Fundi kibarazani alikuwa Kifungo, amelala juu ya vipande vya vitambaa karibu na pedali, na kila cherehani iliponyamaza alifungua jicho moja kuuliza kuna nini. Ni yeye tu aliyebaki kumzoea Fundi bila kumhurumia.

Mtoto alipoanza kutambaa, alimtambalia mbwa. Walipendana wale, hakuna aliyekataa. Lakini siku moja Kifungo aliinua mguu kwa furaha, kama mtu anayetaka kusalimia, na ukucha ukapita kwenye shavu la mtoto kuanzia chini ya jicho mpaka karibu na mdomo.

Jioni hiyo baba wa mtoto alimpakata mwanawe, akaongea taratibu. Yeye si mtu wa kufoka, na hilo lilimtisha Fundi zaidi.

"Baba, mimi sina ugomvi na mbwa. Lakini lingekuwa jicho, leo tungekuwa tunasema nini?"

"Hakukusudia."

"Najua hakukusudia. Kucha zikatwe kabla ya Jumapili. Zisipokatwa, mlinzi wa pale karakana kwetu anamtaka. Nimeshaongea naye."

"Huyu alinde karakana? Huyu anamkimbia jogoo!"

"Hatalinda kitu. Atakaa tu kibandani na mzee wa watu."

"Zitakatwa," alisema Fundi.

"Na nani, baba?"

"Na nani tena? Mimi nimekata suti za harusi za watu wakubwa, nishindwe na kucha za mbwa?"

Alisema hivyo mikono ikiwa mifukoni. Siku hizo ilikuwa mifukoni sana, kwa sababu ilikuwa imeanza kutetemeka, na alidhani hakuna aliyejua. Kushona alishona, kwa kuwa kitambaa kikishaingia chini ya sindano chenyewe kinakuongoza. Kukata ndiko kulikomshinda. Wateja wa nguo mpya aliwaambia macho yamechoka, akabaki na zipu na viraka.

Ijumaa alimbeba Kifungo kwenye kikapu mpaka kwa bwana mifugo. Bwana mifugo alichungulia kikapuni, akacheka.

"Fundi, huyu ni mbwa au ni soksi?"

"Ni mbwa. Nisaidie kucha."

"Mimi ni mtu wa ng'ombe, lakini lete."

Hazikupita dakika nyingi, bwana mifugo alikuwa ananyonya kidole gumba chake, meza ina mkojo, na Kifungo yuko juu ya kabati la dawa bila mtu kujua alipandaje.

"Mpeleke nyumbani," alisema bwana mifugo. "Ng'ombe namweza. Huyu ana hasira za ukoo mzima. Kata mwenyewe, ncha tu, kidogo kidogo. Ndani ya ukucha kuna nyama yenye damu. Ukucha ukiwa mweupe unaiona. Weusi kama huu, unakata na kumwomba Mungu."

Jumamosi mchana, kijana yuko kazini na mtoto amelala, Fundi alimwita mkamwana wake sebuleni. Alikuwa na kitu amekificha nyuma, na uso wake ulikuwa na haya kidogo.

"Mama, usinicheke."

Alikuwa ameshona vazi. Alitumia kitambaa cha bitana kilichobaki kwenye koti la mtu, akakipa matundu manne ya miguu na vifungo mgongoni, shingo imepindwa vizuri. Mkamwana alijizuia, akashindwa, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Baba jamani! Anakwenda harusini?"

"Akifungwa humu hawezi kujipinda. Wewe utamshika, mimi nitakata. Kazi ndogo."

Na kweli, Kifungo alivalishwa bila matata. Alisimama katikati ya zulia na bitana yake ya buluu, kichwa juu, kama mtu aliyeitwa kupokea zawadi. Fundi alijisikia mwepesi kidogo. Alikaa kwenye kochi, mkamwana akamshikilia mbwa, na kikata kucha kikatolewa.

Kifungo alikiona. Mwili mzima ukawa mgumu kama gogo, na ndani ya kifua chake ukaanza mngurumo mwembamba.

"Tulia baba, tulia," alisema mkamwana akimshika mbwa shingo. "Anakata babu, si mtu baki."

Ukucha wa kwanza ulikatika. Tik. Ncha tu, kama alivyoelekezwa. Fundi alishusha pumzi.

"Umeona?"

"Nimeona baba. Endelea hivyo hivyo."

Kwenye wa pili mbwa alivuta mguu, na mkono wa Fundi nao ukafanya mambo yake. Ukakatika mfupi kuliko wa kwanza. Damu haikutoka. Angeenda kwenye wa tatu na mambo yangeisha salama.

Lakini alikuwa mshonaji. Jicho lake lilikuwa limefundishwa tangu ujana kutokubali vitu viwili vinavyotakiwa kulingana visilingane. Mwenyewe aliwahi kufundisha wanagenzi, na somo lake la kwanza lilikuwa hilo: mguu mmoja wa suruali ukizidi, weka mkasi chini, kapime kwenye mwili wa mtu, ukianza kusawazisha kwa macho, unapunguza huku, unapunguza kule, mteja anaondoka na kaptula. Aliwachapa wanagenzi vidole kwa kosa hilo. Na sasa, mbwa akiwa amebanwa na muda unakwenda, aliurudia ule ukucha wa kwanza ili ulingane na wa pili.

Ukapita. Ukawa mfupi zaidi.

"Baba, zinatosha hizo, twende mguu wa pili."

"Hazilingani."

"Nani atazipima? Mbwa havai viatu!"

"Kidogo tu," alisema Fundi, na akaurudia ule wa pili.

Safari hii haukulia tik. Ilikuwa sauti nzito, laini, kama mkasi unaopita kwenye kitambaa kilicholowa. Kifungo alipiga ukelele ambao si wa mbwa. Mtoto aliamka chumbani, naye akaanza kulia. Katika purukushani hiyo mbwa alichomoka mikononi mwa mkamwana akiwa na vazi lake, akauma kiganja cha Fundi njiani, akaingia chini ya kochi. Kwenye zulia kulikuwa na matone ya damu, mengine ya mbwa, mengine ya mtu, na haikujulikana yapi ni ya nani.

Mkamwana alimchukua mtoto, akaenda jikoni, akarudi na unga wa ngano kwenye kisosi. Alilala kifudifudi, akambembeleza mbwa mpaka akatoka, akamkandamizia unga kwenye kidonda. Kifungo alimwachia. Alitetemeka tu. Damu ilipokoma, mkamwana aliinua macho na kumkuta baba mkwe wake ameketi vile vile, mikono iko wazi juu ya magoti. Nayo ilikuwa inatetemeka kuliko mbwa.

"Tangu lini, baba?"

"Ni baridi."

Nje jua lilikuwa linapasua vichwa vya watu.

"Baba. Tangu lini?"

"Tangu kabla ya msiba."

"Mama alijua?"

Alitaka kusema hapana. Kisha zikamjia zile sindano. Miezi ile ya mwisho, kila asubuhi, mkewe aliacha sindano zimechomekwa kwenye pazia la dirisha juu ya cherehani, zote zimeshatungwa uzi, wa kila rangi. Aliwahi kumtania: "Unanidekeza uzeeni?" Mkewe akajibu, "Sina kazi nyingine." Naye aliamini.

"Alijua," alisema.

Mkamwana alimhamisha mtoto begani. Akauliza swali alilokuwa nalo muda mrefu.

"Sasa mama alikuwa anamkataje huyu, asilie wala asiume? Niambie nijaribu mimi. Alimshika wapi? Alimwambia nini?"

Fundi alifungua mdomo. Aliusikia ule mnong'ono kama jana. Sauti aliikumbuka, maneno hapana. Mikono ya mkewe ilikaa wapi, alianza na kidole kipi, alimlaza chali au ubavu, hakukuwa na picha yoyote kichwani mwake.

"Sijui," alisema. "Nilikuwa nimempa mgongo."

Mkamwana alijaribu hata hivyo, jioni ile na kesho yake asubuhi. Alikificha kikata kucha ndani ya taulo. Alijaribu mbwa akiwa usingizini. Alijaribu kwa nyama. Kifungo alikula nyama, akakataa mengine. Na Fundi alipompelekea mkono mtupu, usio na chochote, ili amguse kichwa tu, mbwa alitikisa mkia kwa heshima, akakunja mguu wa mbele kifuani na kurudi nyuma.

Jumapili baada ya chai, kijana alimtazama mbwa, akatazama zulia lililosuguliwa, akatazama kitambaa kwenye kiganja cha baba yake. Hakuuliza.

"Mngojee kidogo," mkewe alimwambia. "Kidonda kipone kwanza."

"Mpe wiki," alisema Fundi. Hakuwahi kumwomba mwanawe kitu kwa sauti ile.

Kijana alikaa chini karibu na baba yake. "Baba, nikimpa wiki, nikampa mwezi, nani atazikata?"

Mtoto alikuwa anagonga kijiko sakafuni.

Mlinzi alikuja na baiskeli yake, sanduku la plastiki limefungwa nyuma.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba, bwana."

Mlinzi hakumwita mbwa. Alichuchumaa tu mlangoni akiongea habari za mvua, na Kifungo akamwendea mwenyewe, akanusa viatu vyake, akakubali kubebwa.

"Kumbe ana adabu hivi!" alisema mlinzi.

"Kucha zake..." Fundi alianza.

"Usijali, Fundi. Kule kwangu ni kokoto tupu. Zitajisaga zenyewe, wala sitamgusa."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Alitazama sakafu yake, saruji aliyoipigisha msasa mwenyewe mwaka ule wa harusi ya mwanawe, laini kama sahani. Alisogea hadi kwenye baiskeli kuaga. Kifungo alikuwa amekaa ndani ya sanduku, masikio juu, akitazama mbele, njia watakayopita. Hakulia wala hakugeuka.

"Msamehe, baba," alisema mkamwana kwa sauti ya chini. "Ni mnyama."

"Ana kosa gani? Hata mimi ningeenda."

"Tutakwenda kumwona."

"Ndiyo," alisema Fundi, kama anavyojibiwa mtu anayefariji.

Baiskeli ilipotelea kwenye kona. Kijana aliingia ndani. Mkamwana alibaki mlangoni akijifuta macho kwa kiwiko, kwa kuwa mikono ilikuwa bado na sabuni ya vyombo. Mtoto aliacha kijiko, akatambaa mpaka kwenye kochi, akainamisha shavu lenye mkwaruzo mpaka sakafuni, akachungulia chini yake. Akaita kile kisauti chake cha kumwitia mbwa. Akangoja. Akazunguka upande wa pili, akachungulia tena.

Fundi alimtazama kwa muda. Kisha alishika mkono wa kochi, akashuka kwa magoti, taratibu, mifupa ikilalamika, akalaza kichwa chake karibu na kichwa cha mjukuu, naye akachungulia gizani mle.

"Hayumo, babu," alimwambia.

Mtoto akaita tena.