Shingo ya Bwana Afisa

Mama Viganja alivaa suti. Ilikuwa suti ya enzi za uenyekiti wake, na kifungo cha katikati kilikuwa hakijaonana na tundu lake kwa miaka. Alivuta tumbo ndani, akajitazama kwenye kioo, akaridhika kwamba hivyo ndivyo historia inavyopaswa kuonekana.

"Si wanakurekodi sauti tu?" mumewe alimuuliza kutoka sebuleni. "Sauti inavaa suti?"

"Sauti ya mtu aliyevaa ndala inajulikana," alijibu. Akaona mwenyewe kwamba jibu halina kichwa wala miguu, lakini alikuwa ameshafika mlangoni.

Chama cha wakandaji kilikuwa kimeamua kukusanya kumbukumbu za waasisi wake kabla hazijapotea. Waasisi wenye magoti ya kupanda ngazi za ofisi walikuwa wamebaki wawili. Mmoja ni yeye, aliyepewa jina la Viganja kwa ajili ya mikono yake mipana. Zamani mikono ile ilimaliza mgongo wa mtu mzima kwa mpapaso mmoja. Siku hizi hata kifuniko cha chupa ya mafuta kiliishinda. Wa pili ni Kiwiko, mzee mwembamba aliyekuwa akilainisha migongo migumu kwa kiwiko cha mkono, na ambaye sasa masikio yake yalifanya kazi kwa zamu.

Ofisi ilikuwa juu ya duka la magodoro. Vitanda vya kukandia vilikunjwa na kuegemezwa ukutani, na pembeni palisimama kiunzi cha mifupa cha plastiki ambacho mtu alikivisha kofia ya chama. Katibu, binti aliyesomea ukandaji hapo hapo chamani, aliweka simu yake juu ya rundo la taulo ili sauti isiwe na mwangwi.

"Mama, tuanze na siku tuliyopata kibali cha chama," alisema. "Sisi vijana tunajua tu kwamba kilipatikana."

Mama Viganja akakohoa kidogo. "Katika kipindi kile kigumu, nikiwa kiongozi mwenye maono..."

"Mwenye nini?" Kiwiko akauliza.

"Maono."

"Maumivu?"

Akampuuza, akaendelea. Alieleza jinsi ilivyokuwa aibu kumwambia mtu kwamba kazi yako ni masaji. Majirani walishusha sauti ukipita. Ukiweka pazia mlangoni, mwenye nyumba anakutaka uhame. Walikuja wanaume wenye haja nyingine kabisa, ukawa unawafukuza huku mteja wako wa kweli, mwenye kiuno chake kibovu, anaogopa kuonekana akitoka. Kwenye ofisi ya vibali, kila siku walikuwa wakiambiwa warudi kesho. Hayo yote aliyasema vizuri, na katibu alikuwa akiitikia kwa kichwa, makini.

"Basi nikamkabili afisa kwa hoja," akamalizia. "Akakosa la kusema. Akasaini."

Kiwiko, ambaye masikio yake yalikuwa yameingia zamu wakati huo huo, alianza kucheka taratibu mpaka mabega yakatikisika.

"Hoja gani, dada yangu? Wewe ulimshika shingo."

Mama Viganja akaitazama simu juu ya taulo, akaona bado inarekodi. Kifungo cha suti kilikuwa kinambana. Akakifungua.

"Haya," alisema. "Nilimshika shingo."

Ikabidi aseme yote. Usiku wa kuamkia siku ile bwana afisa alikuwa amelala vibaya, shingo ikakaza na kichwa kikabaki kimegeukia dirishani. Mama Viganja, wakati huo bado kijana aliyejiona mikono yake imebarikiwa, alizunguka nyuma ya kiti wakati afisa anasoma maombi yao. Hakuuliza swali hata moja. Alishika, akabonyeza, akazungusha. Kitu kikalia kama kijiti kikavu. Kichwa kikatoka dirishani, kikaelekea kabatini, kikabaki huko huko.

"Akasema nini?" katibu aliuliza.

"Alisema kwa upole sana: 'Nirudishie kilikokuwa.'"

Katibu akaziba mdomo kwa mkono.

"Cheka tu. Mimi sikucheka. Watu wakawa wanaingia na karatasi zao, naye anaongea na kabati. Nilidhani nimemlemaza baba wa watu."

Kiwiko, aliyekuwa akingoja kwenye korido, ndiye aliyeitwa. Yeye aliketi mbele ya afisa na kuanza kuuliza: imeanza lini, panauma wapi, umewahi kuanguka? Ikajulikana kwamba afisa aliwahi kupata ajali ya gari. Kiwiko hakuigusa ile shingo kabisa. Aliomba taulo la moto, akayakanda mabega kidogo kidogo, mpaka yule bwana akaweza tena kutazama mbele. Kisha akamwambia aende hospitali bila kuchelewa.

"Afisa akaniuliza," Kiwiko alidakia, "'Kwa hiyo kati yenu wapo wanaojua na wapo wasiojua?' Nikasema ndiyo. Akasema, 'Na huyu mama?' Nikamwambia, 'Huyu ndiye mwenyekiti wetu.'"

"Kibali tukapewa," Mama Viganja alisema, "kwa sharti tuandike kanuni za nani aruhusiwe kumgusa mtu, na aulize nini kwanza. Kwa kifupi, chama hiki kilisajiliwa ili wananchi wakingwe dhidi yangu."

Katibu aligeuka kutazama ukutani. Maneno *Uliza kabla ya kugusa* yalikuwa yameandikwa kwa rangi ya kijani juu ya vitanda.

"Sisi tuliambiwa kanuni hiyo imetoka kwenye kitabu cha nje."

"Imetoka kwenye shingo."

Binti akasogeza simu karibu, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, hapa naweza kukata. Hakuna atakayejua."

Wazo hilo lilimshawishi, wala hakulikataa papo hapo. Alijiona tayari kwenye picha ukutani, kiongozi mwenye maono. Halafu akakumbuka alivyolia jioni ile, akitaka kuacha kazi, na jinsi alivyoanza upya kujifunza kuuliza, swali baada ya swali, kama mtoto anayefundishwa kusalimia.

"Acha kama ilivyo," alisema. "Wanafunzi waisikie. Kata pale pa maono."

Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya Kiwiko kuhojiwa. Mama Viganja alikwenda bila suti, akaahidi kukaa kimya. Kiwiko hata hakuwa amefika kwenye sentensi ya pili mwenzake alipomkosoa rangi ya sare zao za kwanza, kisha jina la mtaa, kisha nani alinunua taulo. Katibu akasimamisha simu, akamwomba kwa heshima zote akawapikie chai. Alikwenda. Na kutoka jikoni, maji yakiwa bado hayajachemka, akapaza sauti kuwaambia kwamba sare zilikuwa za bluu.