Mwangaluka, Baba Yetu

Nikisikia harufu ya mavi ya ng'ombe yanayosiribwa sakafuni, namkumbuka bibi yangu kanisani kwetu. Sisi watoto tulimfundisha sala ya Baba Yetu huku tukisiriba sakafu ile, maana mwalimu wa dini alishasema asiyeijua habatizwi.

Asubuhi ya kuulizwa, bibi akasimama mbele ya mwalimu, akaanza: "Mwangaluka, Baba yetu..."

Kanisa zima likacheka, hata wazee.

"Bibi, kwenye sala hakuna salamu ya asubuhi."

"Mwalimu, kwani wewe unaingia kwa baba yako kimya kimya, kama ng'ombe?"

Mwalimu akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Haya bibi, endelea."

Akaendelea mpaka amina. Akabatizwa.

Mpaka leo, alfajiri nikipiga magoti, namsalimia Mungu kwanza.