Walivyomzika Mume Wangu Bunju

Safari yetu ilianza kwa majigambo. Kaka yangu Saidi alituita Bunju kuvuna mihogo ya shamba la ujamaa, akatuonya kuwa nyuki wamejaa kule. Mume wangu Kasanda, Mnyamwezi wa Tabora, akasema nyuki wa Wazaramo atawapakata kama watoto. Basi tukaenda.

Alfajiri tuliiacha Manzese juu ya lori la kijiji, tukiimba njia nzima. Furaha ya kwenda kwetu ilinipanda kichwani.

Bunju tulipokewa kwa matusi, maana Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. "Huyu nani kamfungulia kamba?" alipaza sauti Saidi.

Jua lilipopanda, nyuki mmoja tu akamchoma Kasanda shingoni. Mara mabaka yakamtoka mwili mzima, midomo ikafura, akaketi chini. "Jamani, nakufa," akasema. Shamba zima likaangua kicheko. Mtani akisema anakufa, kazi yako ni kumzika! Saidi akatandika mkeka. Wifi yangu akalia kilio cha uongo: "Hazikwi mtu hapa mpaka kwao walete ng'ombe!" Nami nilicheka mpaka nikashika mbavu. Kisha nikaisikia pumzi ya Kasanda ikipiga filimbi.

"Kaka, huu si utani!"

Wakazidi kucheka, kwani watani wote husema hivyo.

"Naapa kwa kaburi la mama!"

Kwetu kaburi la mama halitaniwi. Wakamwaga mihogo, wakampakia Kasanda kwenye lori.

Kwenye zahanati, nesi alimdunga sindano ya adrenalini pajani kabla hata ya kuuliza jina. "Mwacheni aketi apate pumzi, ila asitembee," akaamuru. Punde kifua kikaanza kufunguka. Saidi alikuwa kwenye kona akilia kwelikweli.

"Shemeji," Kasanda akasema kwa sauti iliyokauka, "kilio hicho shambani ulikificha wapi?"

Tulicheka mpaka nesi akatutoa nje. "Yeye habanduki mpaka nimruhusu," akasema. "Hali hii huweza kurudi."

Jioni nesi alimruhusu, tukarudi Manzese kwa basi. Nimejifunza: aliyechomwa na nyuki akivimba midomo au akikosa pumzi, mkimbizeni kwanza, mtamcheka akishapona. Na mimi, mke wa watu mwenye haya zangu, nilimshika mume wangu mkono njia nzima, mbele ya abiria wote, nikicheka peke yangu.