Kochi la Rangi ya Maziwa

Kazi yangu ni kuwapangia watu samani na mapambo ya nyumba huku Lavington, Nairobi. Wenye watoto huniomba utulivu, nami huwapa kuta nyeupe, zulia la kijivu na makochi ya rangi ya maziwa. Fleti yangu niliipanga vivyo hivyo, na nilijivunia.

Mama alipoanza kuugua, nilimtoa nyumbani kwake Uthiru nikamleta kwangu. Alikuja na nguo chache na mfuko mzima wa vitambaa alivyofuma mwenyewe, vya rangi ya machungwa na kijani. Kabla hata ya chai, alikuwa ameshavitandika kwenye migongo ya makochi yote. Nilikasirika. Alipoenda kuoga, nikavikunja na kuvifungia kabatini.

Alitoka, akaona. Aliketi kwenye ukingo wa kochi, mgongo wima, mikono magotini, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Ikawa ndivyo anavyokaa kila siku.

"Egemea, Mama," nilimwambia siku moja, kwa ukali. "Mbona unajitesa?"

"Nina mafuta kichwani," alijibu. "Nitachafua kiti cha watu."

Nilicheka. Niliona ni vituko vyake tu.

Tulipomzika, akina mama wa kanisa lake walikuja kuketi nami. Nilifungua kabati, nikatandika vitambaa vyote, nao wakaegemea.

Walipoondoka nilivitoa ili nivifue, vikiwa na madoa ya mafuta ya vichwa vyao. Pale alipokuwa akiketi Mama, kochi halina doa hata moja.