Kumfuata Somo Makunduchi kwa Taa Nilizozifunga Mwenyewe

Nilikwenda Makunduchi kumchukua Bi Mize, somo wa binti yangu Rukia, na nilikwenda kwa gari langu kwa sababu nilikuwa nimeshatamka mbele ya watu kwamba nitakwenda nalo. Siku ile bwana harusi alikuwa anaingia nyumbani kwetu Malindi, mjini Unguja, baada ya sala ya isha. Kwetu biharusi hakabidhiwi kwa mumewe bila ya somo wake. Yeye ndiye aliyemfunda na yeye ndiye wa kumshika mkono. Magari ya abiria ya shamba hayakuwa na uhakika miaka ile baada ya Mapinduzi, na Bi Mize alikuwa mtu mzima, si wa kusimama njiani. Haji, kaka wa mke wangu, alinishauri nikodi gari la mtu. Nilimwambia gari ninalo.

"Gari unayo, shemegi," alisema. "Taa huna."

Taa nilikuwa nazo, ila alikuwa hajaziona zikiwaka. Waya za zamani zilikuwa zimeliwa na hewa ya chumvi hata ukizigusa zinamomonyoka. Vipuri havikuwapo madukani. Sokoni Darajani nilipata waya wa nyumba, mweusi mtupu, na waya zote zikiwa nyeusi hujui ipi inakwenda wapi. Basi mimi ni fundi cherehani, nikaona nifanye kama ninavyojua: kila waya nikaufunga uzi wa rangi yake, mwekundu taa ya kulia, kijani ya kushoto, manjano za nyuma. Taa nilizijaribu juu ya meza yangu ya kukatia nguo, moja moja, na zote zikawaka. Mke wangu aliniambia nipunguze kujisifu, nikapunguza kidogo.

Wakati taa ziko mezani, Haji alikuja na zawadi yake. Yeye ni fundi wa mashua kule Fumba, na hakuna anachokiamini kama sifa, yale mafuta ya papa yanayopakwa vyombo visiliwe na bahari. Alilipaka gari sifa chini na ubavuni, akaingiza brashi mpaka ndani ya matundu ya taa, akaliacha juani likauka. Lilinuka vibaya, lakini nia yake ilikuwa njema. Asubuhi ya harusi nilizirudisha taa mahali pake, nikazikaza bolti kwa nguvu zangu zote, sikuona haja ya kuzijaribu tena.

Baada ya adhuhuri tuliondoka, mimi na Haji. Tulipita Mwanakwerekwe, tukapita Tunguu, na gari likaenda vizuri. Kimkono cha kuonyesha upande, kile kinachochomoza ubavuni, kilikataa cha kushoto, kwa hiyo kila nilipotaka kukata kushoto Haji alitoa mkono wake dirishani. Alitoa kwa madaha, mpaka watoto wa Jozani wakampungia.

Makunduchi tulimkuta Bi Mize uani anasaga liwa, ule mti wa kunukia wa kumpaka biharusi.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba, mwanangu. Mbona gari yako inanuka ngalawa?"

Haji alitazama pembeni. Nilimuomba bibi tuondoke mapema, lakini Bi Mize hana mapema. Alitupa wali na mchuzi wa pweza, akatwambia biharusi wake hapakwi liwa iliyosagwa na mtu mwengine, akarudi kusaga. Tulipomtia garini na vikapu vyake jua lilikuwa limeshalala sana.

Kitogani magharibi ilituingilia, tukashuka kusali. Tulipotoka msikitini kiza kilikuwa kimeanza kushika. Nikabonyeza swichi. Hakikuwaka kitu, si mbele si nyuma.

Mbele yetu ilikuwa ni Jozani, miti imefunika barabara juu, huendi pale kwa kupapasa. Nilimngojea Haji acheke. Hakucheka, na hilo liliniuma zaidi.

"Mwanangu," alisema Bi Mize kutoka kiti cha nyuma, "mtoto yule nnamfunda mimi tangu kavunja ungo. Kama hatufiki nambie sasa, nijue."

"Tutafika, Bi Mize."

Nilifungua boneti, Haji akanishikia tochi. Fyuzi zilikuwa nzima. Nikaufuata uzi mwekundu, nikauchomoa waya wake taani na kuugusisha kwenye chuma kitupu, cheche ikaruka. Umeme basi ulikuwa unafika. Nikaurudisha, nikachukua kipande cha waya kilichobaki, ncha moja betrini upande wa hasi, ncha nyengine kwenye kikombe cha taa yenyewe. Taa ikawaka kama siku ile mezani.

Hapo nikaelewa. Kwenda, umeme huenda kwa waya. Kurudi betrini, mezani ulirudi kwa waya, lakini garini hurudi kwa bati, kupitia bolti za taa. Usipokuwa na pa kurudi, hauendi. Nikafungua bolti, nikapitisha kucha pale taa inapokaa: utando wa manjano, mkavu, mgumu kama vanishi.

"Ni mimi?" aliuliza Haji.

"Ni papa wako."

Alichukua kisu chake, akaparua upande mmoja na mimi kwa mkasi wangu upande wa pili, mpaka bati likang'aa. Tulipozikaza na kubonyeza tena, mwanga ulipiga ukuta wa msikiti wote, na waliokuwa bado barazani wakajikinga macho. Nasema wazi, nilifurahi kuliko siku niliponunua gari lenyewe. Jozani tuliipita naona kila jani.

Malindi tulifika isha imeshasaliwa, watu wa bwana harusi wamekaa barazani wanangoja. Bi Mize akaingia ndani na liwa yake. Haji hakungoja aulizwe; alianza kuwahadithia wale wageni kwamba taa zile nimezifunga mwenyewe, na sehemu ya sifa yake ya papa aliisimulia yeye pia, kwa sauti, huku akijicheka. Niliona jambo ambalo nyumbani sikuwahi kuliona: kazi yangu inasifiwa na mtu mwengine, na sikuwa na la kuongeza.

Vigelegele vilipopungua, Bi Mize alitoka mlangoni akaniita.

"Naam."

"Wanawake walishachoka kungoja. Walitaka kumpa mtu mwengine amshike mkono. Mwanao kakataa kuinuka kitini. Kawaambia, baba kesha kusema anakwenda kumleta somo wangu, basi njiani yuko."