Utulivu wa Bi Vumbi

Mshtuko wa kwanza ulimkuta Bi Vumbi asubuhi, mswaki ukiwa mdomoni. Bintiye alitoka ndani, akasimama mbele yake pale uani penye bomba, akamwambia kwamba mwisho wa mwezi atahama na mtoto. Alikwisha kupata chumba upande wa pili wa mji. Hakulia wala hakugomba; alisema kama mtu anayemtajia mteja bei ya kushona suruali. Bi Vumbi akameza povu la dawa ya meno bila kutaka.

"Nimekukosea nini?" aliuliza, na jirani wa nyumba ya tatu akafungua dirisha.

"Hiyo sauti, mama," bintiye alisema. "Nikiongea hunijibu. Ukinijibu, unanifokea. Mtoto naye ameanza kupayuka. Nimechoka."

Akarudi ndani kwenye cherehani yake. Bi Vumbi alibaki pale bombani, maji yanamwagika, na mambo mawili tu yakimzunguka kichwani: kwamba hana mtoto mwingine, na kwamba mwezi una wiki nne.

Alikuwa msaga nafaka. Miaka ishirini na sita alisimama katika banda moja la mabati nyuma ya soko, akilisha mashine ya nafaka, na jina alipewa na wateja kwa sababu ya nyusi zake, ambazo zilikuwa nyeupe kwa unga tangu akiwa kijana. Mashine aliijua kwa kiganja. Aliweka mkono kwenye bomba la unga, na kwa mtetemo tu akakwambia kama mkanda umelegea au mahindi yako hayajakauka. Mle bandani hakuna anayeongea, kwa sababu mota haimpi mtu nafasi. Watu huonyeshana vidole: kimoja, saga laini, viwili, acha chenga, ngumi, zima. Mwenye neno la lazima humsogelea mwenzake na kumpigia kelele sikioni. Huko ndiko alikozoea kuongea, na jioni alirudi nyumbani na sauti ileile, kama mtu aliyesahau kuvua viatu vya kazini.

Lakini naye alikuwa na lake moyoni. Kwa maoni yake, mwenye makosa alikuwa bintiye. Huyo binti alikuwa na kiburi cha chini kwa chini, cha kuongea ameinamia kitambaa, midomo haifunguki sawasawa, na ukimwambia arudie anashusha pumzi na kusema basi, acha. Dereva wa lori aliyeleta magunia alikuwa na adabu zaidi, maana akisema kwa lile besi lake unamsikia mpaka utumbo. Na kubwa kuliko yote, tangu binti arudi nyumbani na mtoto baada ya ndoa kuvunjika, miaka minne sasa, alikuwa ameacha hata kumwamkia mama yake. Shikamoo tu! Bi Vumbi hakuwahi kumuuliza. Alilimeza na kupita, kila asubuhi, akielekea kazini.

Sasa maji yalikuwa yamemfika shingoni. Muuguzi wa zahanati alikwisha kumwonya kwamba presha yake iko juu na hasira hazimfai, na dereva wa lori alikuwa hachoki kumsifia darasa la yoga lililomponya mgongo na, kwa maneno yake mwenyewe, kumpunguzia matusi barabarani. Bi Vumbi akaona bora akatafute huko hiyo amani ya moyo, ailete nyumbani kabla mwezi haujaisha.

Darasa lilikuwa ghorofani, juu ya duka la vipuri, chumba cha sakafu ya mbao chenye harufu ya grisi kutoka chini. Aliyefundisha waliita Mwalimu tu. Alikuwa mstaafu, mwembamba, mwenye sauti nzito isiyolingana na kifua chake, na miaka mingi alikuwa amefundisha mazoezi shuleni. Aliwaambia kwamba hapa hakuna anayenyang'anywa dini yake; kila mtu aje na Mungu wake, akae naye kimya.

Viungo ndivyo vilivyompa shida siku ya kwanza. Mwalimu alitaka wainame mpaka paji la uso liguse magoti. Bi Vumbi akasema paji lake na magoti yake havijawahi kujuana, na haoni haraka ya kuvitambulisha leo. Chumba kizima kikacheka.

Kisha wakaketi. Mwalimu akachukua kikengele kidogo cha shaba, akakigonga kwa kijiti chake. Bi Vumbi aliuona mkono ukishuka, akajua wameanza, akafumba macho. Mwanzoni alisikia mvumo mwembamba, kama wa birika linalokaribia kuchemka. Akadhani ndio sauti ya kimya chenyewe, ile ambayo watu wa maombi huitafuta, na akashukuru kwamba imemjia mapema. Akapumua. Akamkumbuka marehemu mumewe. Akamwomba Mungu, bila maneno mengi, mwanawe asiondoke. Tangu azikwe mumewe hakuwahi kukaa mahali bila kushika kitu mkononi, na machozi yalimtoka bila uchungu wowote. Alipofumbua macho, ni kwa sababu mbao za sakafu zilitikisika chini yake: watu walikuwa wamesimama, mikeka wameshakunja, wanamtazama.

"Dakika kumi zaidi ya wote," Mwalimu alisema kwa heshima. "Hakuna kinachokugusa, Bi Vumbi. Wengine hapa wana miaka na bado hawajafika ulipo."

Bi Vumbi alipigwa na butwaa. Yeye, ambaye hata msibani huombwa apunguze sauti! Alishuka ngazi akiwa ameshika ukuta, asije akaanguka kwa furaha.

Ikawa hivyo kila kipindi. Wenzake waliinuka, yeye akabaki. Kwa kuwa alimwona Mwalimu akigonga kengele mwanzoni tu, aliamini kwamba mwisho kila mtu hujiondokea akishatosheka, na moyoni aliwahurumia wale wanaotosheka upesi. Dereva wa lori akaanza kumwita Mtakatifu. Wengine walisogeza mikeka karibu na wake, labda wataambukizwa.

Shida ilikuwa nyumbani. Alirudi akiwa laini, akaongea, kwa kadiri alivyojua mwenyewe, kama njiwa. Bintiye akaziba masikio ya mtoto. Alipoambiwa asifoke, akajibu kwamba hafoki, ametulia, na vikombe kabatini vikagongana. Wiki ya tatu akaamua kufunga mdomo kabisa. Siku tatu hakusema neno. Aliosha vyombo, akatabasamu, akapita. Jirani alimwambia yule binti ajihadhari, maana kimya kingi kina mshindo mkubwa. Siku ya nne bintiye alisimama mbele yake na kumuuliza kama sasa ameamua kumnunia kabisa, kisha akaenda kutoa boksi la pili la nyuzi na kuliweka mlangoni.

Bi Vumbi aliyatazama yale maboksi mawili. Amefanya kila alichoambiwa. Ametulia mpaka watu wanamsifu, na mwanawe ndio kwanza anafungasha.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi Mwalimu aliwaruhusu waje na ndugu zao. Bi Vumbi akamwomba bintiye, naye akakubali, kwa kuwa gari la kuhamisha mizigo lilikuwa la kesho yake na hakutaka waachane kwa ubaya. Akaketi kwenye benchi la ukutani pamoja na wageni wengine, mkoba mapajani, uso umefungwa.

Kijiti kikashuka. Bi Vumbi akafumba macho, birika lake likaanza kuvuma, naye akaomba kuliko siku zote. Alimwambia Mungu kwamba amekaa kimya kama alivyotakiwa, sasa ni zamu Yake.

Hakujua ni muda gani ulipita. Mkono ulimgusa bega. Alipofumbua macho aliona kwanza kwamba hakuna aliyesimama. Wote wameketi, wamegeuka, wanamwangalia, na Mwalimu amebaki mdomo wazi. Kisha akamwona bintiye amepiga magoti mbele yake, kengele mkono mmoja, kijiti mkono wa pili. Bintiye akagonga. Bi Vumbi aliona kijiti kikiipiga shaba, na shaba ikitikisika, karibu kabisa na uso wake. Hakusikia kitu. Bintiye akagonga tena, kwa nguvu zaidi. Akadhani kengele imeharibika. Ndipo alipomwona dereva wa lori, aliyekuwa nyuma ya binti, akikunja uso na kujiziba sikio.

Akaitazama midomo ya mwanawe.

"Mama. Huisikii?"

Akatikisa kichwa.

Mwalimu alijieleza kwa kigugumizi. Kwamba kila kipindi hugonga mara tatu kuwatoa watu kimyani, na huyu mama akawa hashtuki, na wao wakajua amezama, na leo aliwazuia watu wasisimame ili wageni nao wajionee. Bintiye peke yake ndiye aliyeinuka benchini. Alisimama nyuma ya mama yake, akamwita mara tano, kwa sauti ya kawaida ya binadamu, na nyusi zile nyeupe hazikutikisika. Hapo wageni walikuwa wakipeana macho ya kustaajabia utakatifu, na yeye akaichukua kengele mkononi mwa Mwalimu.

Gari la mizigo liliambiwa lisubiri. Jumatatu wakaenda hospitali, kwa mtaalamu wa masikio, msichana mdogo mwenye koti jeupe lililomzidi. Alimfungia Bi Vumbi kwenye chumba chenye kuta za sponji, akamvisha vitu vya masikioni, akampa kitufe cha kubonyeza kila atakaposikia mlio. Bi Vumbi alisikia milio kadhaa mizito, kama ngoma ya mbali, akabonyeza. Kisha ikawa kimya. Akasubiri. Akajipanga vizuri kitini, akasubiri tena, kidole tayari, hana papara, maana kusubiri alikwisha kujifunza. Mlango ukafunguliwa, mtaalamu akamvua vile vitu.

"Tumemaliza, mama."

"Tumemaliza nini? Hujanianzishia."

Mtaalamu akamwonyesha karatasi yenye mstari ulioanza juu na kuporomoka. Sauti zote zile zilipita, alisema, na huu mvumo wa birika si sauti ya kimya, ni masikio yenyewe yanalalamika. Mashine ya nafaka ilikuwa imemla masikio kidogo kidogo, ikianza na sauti nyembamba: kengele, ndege, watoto, wanawake wanaoongea taratibu. Sauti nzito zilibaki, ndiyo maana hakushtuka. Kikulacho ki nguoni mwako, na kilichokuwa kikimla, yeye alikishika kwa kiganja kila siku. Zipo mashine ndogo za kuvaa sikioni zitakazosaidia, na bandani asiingie tena bila kuziba masikio.

Walitoka, wakakaa kwenye benchi la korido. Wagonjwa walipita. Bintiye aliikunjakunja ile karatasi, kisha akateleza kutoka kwenye benchi na kuchuchumaa mbele ya mama yake, uso kwa uso.

"Nikuulize kitu. Asubuhi ukipita nyuma ya cherehani, ukienda kazini. Unanisikia?"

"Unasema nini asubuhi? Husemi kitu."

Mtu wa dawati la mapokezi aliinua kichwa. Bintiye hakujali.

"Nakuamkia, mama. Kila siku. Nasema shikamoo, unapita. Miaka minne. Nikajua umenichukia kwa sababu nilirudi na mtoto bila mume."

Kengele ilikuwa imemshtua, na mstari wa karatasi ulikuwa umemshtua, lakini hili lilimkata maini. Alimwona mwanawe asubuhi moja baada ya nyingine, ameinama, mguu kwenye pedali, akitoa heshima yake kwa mgongo unaopita.

"Mimi nilijua umeacha kuniamkia," alisema hatimaye. "Nilijua umeniona si kitu."

Wakashikana mikono pale, wote wawili wakilia na kushangaa, mpaka muuguzi akaja kuuliza kama kuna aliyefariki.

Darasani Bi Vumbi alirudi. Mwalimu alitaka kumwomba radhi mbele ya watu, akamkatalia, akamwambia kwamba kengele ndiyo iliyokuwa ya uongo, lakini yale machozi na yale maombi yalikuwa ya kweli na yeye hatayarudisha kwa mtu. Dereva wa lori, ambaye bado anamwita Mtakatifu, sasa ndiye anayemgusa goti mwisho wa kipindi. Na huwa anachelewa kidogo kumgusa, makusudi, ili amwachie dakika zake.

Lakini kabla ya hayo kulikuwa na asubuhi ile iliyofuata hospitali. Bi Vumbi alitoka chumbani na koti lake la kazi begani. Mlangoni hapakuwa na maboksi. Nyuzi zilikuwa zimerudi kwenye rafu yake. Cherehani ikasimama. Bintiye aliinuka, akazunguka meza, akaja kusimama mbele yake mahali penye mwanga, amemshika mtoto mkono.

"Shikamoo, mama."

Bi Vumbi aliiona, herufi kwa herufi, midomoni mwa mwanawe. Akavuta pumzi kama alivyofundishwa, ndefu, mpaka chini ya kitovu. Kisha akaitikia marahaba, na jirani wa nyumba ya tatu akafungua dirisha.