Rula ya Kuazima

Mafundi wenzake walimwita Jicho, maana hakuwa na habari na vipimo. "Mwenye macho haambiwi tazama," alijigamba.

Gari la mwalimu mkuu lilipochemsha, Jicho alifungua injini, akakuta gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba chini ya kifuniko cha injini, imeungua, akaweka mpya. Baada ya mwezi ikaungua tena. "Huyu dereva wako hatii maji kwenye rejeta!" alifoka. Dereva aliapa kwamba hujaza kila asubuhi. Nani wa kumsikiliza? Akafukuzwa kazi siku ile ile.

Mara ya tatu gari lilikuwa likiendeshwa na mwalimu mwenyewe, na maji alijaza kwa mkono wake. Jicho akaazima rula ya chuma kwa fundi seremala, akailaza juu ya hedi. Mwanga ukapenya chini yake. Hedi ilikuwa imepinda tangu mwanzo, nayo ndiyo iliyokuwa ikiunguza gasketi.

Hakunawa hata mikono. Alimkuta dereva uani kwake, akifua nguo za watoto.

"Ndugu yangu, nilikusingizia. Kosa ni langu, sikupima."

Dereva alikamua shati dogo, akalianika.

"Nilikuapia siku ile, fundi. Ukanitazama tu."